Nyumbani kwa Nani? Maneno ya Kivukoni Lubunga Juu ya Medali za Kongo



Yeyote aliyevuka mto kutoka Lubunga kwenda upande wa soko kuu anajua ya kwamba mtumbwi haujai upesi. Mwenye chombo angoja kichwa cha mwisho, akina mama wapanga mabeseni yao ya mihogo na magunia yao ya makaa, na wanaume, ambao hawana cha kupanga, waanza kubishana. Zamani ubishi ulikuwa wa mpira tu, wa Nika na Malekesa, na kila mtu alijua utakavyokwisha. Lakini siku hizi chache zilizopita tulisikia kivukoni ubishi wa namna nyingine, nasi tumeona yafaa kuuandika hapa, kwa maana ndani yake lilitoka swali ambalo wakubwa wetu hawajalijibu hata leo.

Mchimbaji mmoja wa almasi, aliyetoka mashimoni na udongo bado miguuni, ndiye aliyewasha moto. Alisema: "Sisi Wakongo tumepita milioni 100. Burundi ni kama kiganja cha mkono. Burundi wana dhahabu ya Olimpiki. Sisi hata shaba hatuna, na shaba twaichimba sisi wenyewe!"

Watu walicheka sana. Ndipo kijana mmoja wa toleka, ameshika baiskeli yake kwa mkono mmoja, akajibu kwa hasira kidogo: "Yaya, usitutukane. Mwaka 2023 tuliipokea Michezo ya Francophonie hapa nyumbani. Medali zilipatikana. Bendera ilipanda."

Mama mmoja, aliyekuwa ameketi juu ya gunia lake bila kusema neno tangu mwanzo, aliinua kichwa akauliza: "Nyumbani kwa nani, mwanangu? Mwaka ule mimi nililala chini ya hema ng'ambo ile. Nyumba yangu ya Lubunga ilikuwa majivu."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee mmoja wa reli, mtu wa njia ya Ubundu tangu ujana wake, alitikisa kichwa akasema, "Mama amefunga mchezo." Na kweli alikuwa amefunga.

Basi gazeti hili lataka kuuchukua mchezo hapo mama alipouacha.

Kwanza tuseme wazi ya kwamba hatuipendi desturi ya kuwacheka wanariadha wetu. Mtu aketi mbele ya televisheni ya jirani, chupa mkononi, amwona kijana wa Kongo ameachwa nyuma katika mbio, na papo hapo amwita mvivu. Hajui kijana yule alifanya mazoezi wapi, wala alikula nini, wala alipata viatu lini. Wengi katika wale wanaotuwakilisha kwa mbio na kuogelea hawakufikia kipimo kinachotakiwa. Wamekwenda kwa nafasi ambazo wenye Olimpiki huwapa mataifa yasiyo na watu waliofuzu, ili kila bendera iwe na mtu wa kuibeba. Nafasi hiyo ni heshima, lakini ni heshima ya mgeni aliyeketishwa karibu na mlango. Kosa la kuketi mlangoni si la yule aliyeketi.

Tutazame hesabu. Mara ya kwanza nchi yetu kwenda Olimpiki ilikuwa Mexico, mwaka 1968. Wakongo walikuwa watano, na wote watano walikuwa watu wa baiskeli. Ndiyo, baiskeli! Kijana wa toleka hakulijua jambo hilo, na alipoambiwa alikitazama chombo chake kama mtu aliyeonyeshwa picha ya babu yake. Baada ya hapo tulikaa nyumbani hata mwaka 1984, na tangu mwaka ule hatukukosa tena. Pamoja na hayo yote, hata Paris mwaka 2024, hatujarudi na medali hata moja.

Jirani zetu je? Uganda walipata dhahabu mwaka 1972 huko Munich kwa miguu ya John Akii-Bua. Tanzania walipata fedha mbili Moscow mwaka 1980, kwa Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Kenya hatuwahesabu, karatasi yetu haitoshi. Wazambia, ambao shimo lao la shaba na shimo la Katanga ni mwamba mmoja, walipata shaba ya ndondi mwaka 1984 kwa Keith Mwila, kisha fedha ya mbio za kuruka viunzi mwaka 1996 kwa Samuel Matete, aliyezaliwa Chingola, mji wa mgodi. Na huko Paris mwaka 2024 kijana wao Muzala Samukonga alipata shaba katika mita 400. Mchimbaji wetu alisema kweli: wenzetu shaba waliitoa chini wakaivaa shingoni, yetu hupita relini kwenda bandarini.

Nao Warundi ni hadithi inayotuhusu sisi wa Lubunga kuliko zote, kwa hiyo tutairudia mbele.

Sasa tuje kwenye Michezo ya mwaka 2023, kwa kuwa ndiyo kijana aliyojivunia. Yafaa watu wajue ilivyotufikia. Kwanza Michezo hiyo ilikuwa ya miji miwili ya Kanada, Moncton na Dieppe, ifanyike mwaka 2021. Mwaka 2019 Wakanada wakapiga hesabu, wakaona gharama imepanda mno, wakajitoa. Kinshasa ikasema: leteni. Ikaahirishwa mara moja, ikaahirishwa tena, na mwisho ilifunguliwa tarehe 28 Julai 2023, ikafungwa tarehe 6 Agosti. Kulikuwa na riadha, basketi ya wanawake, mpira wa vijana, judo, mieleka, tenisi ya meza, pamoja na mashindano ya ngoma, nyimbo na michoro. Maelfu ya wageni walikuja, nao walikula, walicheza, walirudi kwao salama. Wakati ambapo magazeti mengi ya Ulaya yalikuwa yakiandika ya kwamba Kinshasa haitaweza, Kinshasa iliweza. Jambo hilo ni la kusifiwa, nasi twalisifu bila kuuma meno.

Juu ya medali, Moroko ndio waliokuwa mbele ya wote. Wakongo nao walipata sehemu yao, na kila kijana aliyevaa rangi zetu akasimama juu ya jukwaa mbele ya watu wake alifanya kazi ambayo hatutaisahau.

Lakini swali la mama liko palepale. Nyumbani kwa nani?

Mashindano yote yalifanyika Kinshasa. Hakuna hata moja lililoletwa Kisangani, wala Lubumbashi, wala Mbuji-Mayi. Viwanja vya ndani vilijengwa upya kandokando ya Stade Tata Raphaël, na riadha ikakimbiwa Stade des Martyrs. Bili, kwa hesabu iliyotajwa na serikali yenyewe, ilipita dola milioni 300. Na katika siku zilezile ambazo taa zilikuwa zikiwashwa Kinshasa, sisi huku tulikuwa na mambo mengine. Tangu mwezi wa Februari mwaka ule ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na ndugu zetu Walengola ulikuwa umewaka. Watu waliuawa kwa mamia, vijiji na nyumba za Lubunga zilichomwa, na maelfu wakavuka mto na godoro kichwani kutafuta pa kulala. Hema la mama lilikuwa moja katika hayo. Wengine walisikia sherehe ya ufunguzi kwa redio wakiwa chini ya turubai, na mtoto akauliza, "Mama, ni wapi huko wanakopiga ngoma?" Akajibiwa: "Ni kwetu."

Hatusemi ya kwamba Michezo ilileta vita ile. Mtu mwenye akili hawezi kusema hivyo. Wala hatusemi ya kwamba nchi yenye taabu isicheze. Nchi ingengoja taabu iishe ndipo icheze, isingecheza kamwe. Tunasema jambo jingine. Tunasema ya kwamba taifa haliwi mwenyeji wa Michezo kwa kujenga nyumba kubwa katika mji mmoja. Huwa mwenyeji pale mtoto wa mji wa mbali anapokuwa na njia, hata nyembamba, ya kufika katika nyumba ile. Kutoka Lubunga hadi Stade Tata Raphaël njia hiyo iko wapi? Katika komini sita za Kisangani, ni yetu peke yake iliyo ng'ambo hii ya mto. Mtoto wa Lubunga, kabla hajakimbia hata mita 100 katika Stade Lumumba, sharti kwanza alipe mtumbwi wa kwenda na wa kurudi. Kwake yeye kiingilio cha Olimpiki kinaanzia majini.

Fanyeni hesabu hii pamoja nasi, ninyi mnaojua kupima almasi kwa karati. Chukueni sehemu moja tu katika mia ya zile milioni 300. Ni dola milioni 3. Zigawanyeni kwa mikoa 26. Kila mkoa wapata zaidi ya dola 115,000. Je, Tshopo, kwa dola 115,000, haiwezi kusawazisha viwanja vitano vya udongo, kununua saa za kupimia, magodoro ya judo, glavu za ndondi, na kuwalipa makocha posho yao kwa mwaka? Yaweza, na baki ipo. Na hiyo ni sehemu moja katika mia, ndugu zangu. Hatukuomba hata ya pili.

Wakubwa watajibu ya kwamba medali hazipatikani kwa uwanja wa udongo. Hapo ndipo twawakatalia kabisa. Huko Kenya, juu ya milima, kuna mji mdogo unaoitwa Iten. Katika mwaka 1976 alifika pale bruda mmoja wa Ireland, Colm O'Connell, kufundisha jiografia katika shule ya Mtakatifu Patriki. Hakuwa kocha, akajifunza kazi hiyo kwa kuwatazama watoto wakikimbia. Mwaka 1988 mmoja wa wanafunzi wa shule ile, Peter Rono, alichukua dhahabu ya mita 1,500 huko Seoul. Naye David Rudisha, aliyelelewa na kocha yuleyule, alikimbia mita 800 London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, mbio ambazo hakuna mtu duniani aliyekuwa amezikimbia kabla yake. Shule, mwalimu, njia ya udongo, na miaka. Zaidi ya yote ni miaka, kwa kuwa kutoka kufika kwa mwalimu hadi dhahabu ya kwanza ilikuwa miaka 12. Sisi kwetu nani anakaa katika kazi miaka 12? Waziri wa michezo hukaa muda gani? Hata mchezaji hajajua jina lake, amekwisha kubadilishwa.

Msidhani Kongo haikuwa na watu. Mwaka 1994 wanawake wetu wa basketi walikuwa mabingwa wa Afrika, na kwa ushindi huo walikwenda Atlanta mwaka 1996. Huko walishindwa michezo yote, na Wamarekani waliwafunga pointi 107 kwa 47. Wengi walicheka. Lakini katika wale walioshindwa alikuwamo binti wa Kinshasa, Mwadi Mabika. Wamarekani hawakucheka. Walimtazama vizuri, wakamchukua, akacheza Los Angeles na kushinda ubingwa wa Marekani mwaka 2001 na tena 2002. Binti yuleyule, mikono ileile. Kilichobadilika ni ukumbi wa mazoezi na chakula cha asubuhi.

Na wako waliokwenda kwa njia chungu zaidi. Popole Misenga na Yolande Mabika, wote wawili wa judo, wote wawili watoto wa vita vya mashariki, walipelekwa Rio de Janeiro mwaka 2013 kwa mashindano ya dunia. Kama walivyoeleza wenyewe baadaye, waliachwa bila chakula na bila karatasi zao. Wakatoka hotelini wasirudi, wakakaa mtaani katika mji ambao lugha yake hawakuijua. Mwaka 2016, Olimpiki ilipofika katika mji uleule, wakaingia uwanjani nyuma ya bendera ya Olimpiki, katika timu ya kwanza ya wakimbizi, ya watu 10. Misenga alishinda pambano lake la kwanza, na Wabrazili ukumbini wakamshangilia kama mtoto wao. Wakongo wangapi walishangilia pamoja nao? Wengi, twajua. Lakini tulimshangilia mtu wetu chini ya bendera isiyo yetu, na neno hilo bado halijaulizwa vizuri katika ofisi zile zinazopaswa kuliuliza.

Mwaka 2024 huko Paris, Marcelat Sakobi, mwanamke wa ndondi, alishindwa pambano lake. Kabla ya kuteremka jukwaani aliweka mkono mmoja mdomoni, na vidole viwili vya mkono wa pili kwenye panja kama bunduki. Leopards walikuwa wamefanya ishara hiyohiyo tarehe 7 Februari mwaka ule, katika nusu fainali ya Kombe la Afrika huko Abidjan, wimbo wa taifa ulipokuwa ukipigwa. Maana yake kila Mkongo aliijua: watu wanauawa mashariki, na dunia imenyamaza. Tulisikia mashabiki wakisema, "Angeshinda kwanza, ndipo afanye siasa." Sisi hatukubali. Aliyetumwa bila zana, akapigana, akashindwa, na hata hapo akakumbuka kuwasema wafu wetu mbele ya dunia, huyo amefanya kazi kuliko wasafiri wengi waliokaa viti vya mbele na beji shingoni.

Na katika mwaka 2025 serikali yetu ilitia sahihi na timu za Ulaya, Barcelona, Milan na Monaco, ili jina la nchi yetu litangazwe kwao. Magazeti yaliandika ya kwamba kwa Barcelona peke yake ni zaidi ya euro milioni 40 kwa miaka 4. Kijana wa toleka alisema, kwa sauti ya chini, "Basi nitavaa jezi ya Barcelona, nitakuwa nimevaa Kongo." Hatukujua kama ni mzaha. Yeye mwenyewe, twadhani, hakujua.

Wako watakaosema ya kwamba maneno ya mashabiki ni upepo, na gazeti la watu wazima halipaswi kuyaandika. Hao wamesahau. Ile Stade Tata Raphaël, ilipofunguliwa mwaka 1952, ilipewa jina la mfalme wa Wabelgiji. Tarehe 4 Januari 1959 watu walitoka mle wakiwa wametazama mpira, wakakutana barabarani na wenzao waliokuwa wamezuiliwa kufanya mkutano. Kabla ya jua kuchwa, Leopoldville haikuwa tena mji ule wa asubuhi, na Wabelgiji walianza kutamka neno uhuru ambalo jana yake hawakutaka kulisikia. Walikuwa mashabiki tu, wenye tiketi mfukoni. Leta ya siku zile ilidhani wanaongea mpira.

Sasa turudi kwa Warundi, kama tulivyoahidi.

Mwaka 1996 Burundi ilikwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza. Nyumbani, tangu mwaka 1993, Mhutu na Mtutsi walikuwa wakiuana. Lakini katika kikosi kile kidogo waliketi pamoja. Alikuwamo Vénuste Niyongabo, ambaye mbio zake alizozijua zaidi zilikuwa mita 1,500. Alikuwamo pia mkubwa wake, Dieudonné Kwizera, mkimbiaji aliyekosa Olimpiki zilizotangulia kwa sababu nchi yao haikuwa bado na kamati ya kuwapeleka. Niyongabo alimwachia Kwizera nafasi yake ya mita 1,500, naye akaenda kukimbia mita 5,000, mbio ambazo hakuwa na uzoefu nazo. Akashinda. Ndiyo ile dhahabu ambayo mchimbaji wetu alitutupia usoni.

Watu husema dhahabu ile haikusimamisha vita, na ni kweli, vita viliendelea miaka mingi. Lakini walikuwako mahali pamoja, jezi moja, sahani moja, na mmoja akamwachia mwenzake njia. Nasi hapa Lubunga, ambapo Mmbole na Mlengola wamerudi kuishi mtaa mmoja na kila mmoja bado atazama mkono wa mwenziwe, tuna mahali gani ambapo watoto wao hukutana? Kisimani hukutana, ndiyo, lakini kisimani watu hugombania foleni. Shuleni hukutana, wale wenye karo. Uwanja wa mazoezi si dawa ya shamba lililonyang'anywa, wala si hukumu kwa aliyeua. Hayo yana mahakama yake, na mahakama ifanye kazi yake bila kuchelewa zaidi. Lakini kijana mwenye mazoezi saa kumi jioni kila siku, na kocha wa kumwuliza jana ulikuwa wapi, ni vigumu zaidi kumwita usiku na kumpa panga. Akina mama wa Lubunga wanalijua jambo hili kuliko ofisi yoyote, na ndiyo maana tunalitaja katika habari ya michezo, wala si katika habari ya polisi.

Lupopo ya Lubumbashi ilianza mwaka 1939 kati ya watu wa reli. Reli ya Ubundu inaanzia hapa kwetu, kilomita 125 za kuzunguka maporomoko ya Boyoma, na imetoa mafundi, makarani na madereva wa garimoshi vizazi kwa vizazi. Mzee wetu wa kivukoni asema ya kwamba katika ujana wake watu wa reli walishindana wenyewe kwa wenyewe kila Jumapili, kwa mbio, kwa kamba na kwa mitumbwi, bila kumngoja waziri. Vijana wa mto huu hupiga kasia kabla hawajajua kusoma. Wagenia husimama katika maji ambayo mgeni hathubutu kuyatazama. Na katika Olimpiki kuna mashindano ya kasia, ya mtumbwi wa mtu mmoja na wa watu wengi, na medali zake ni nyingi. Mbona hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kuteremka kivukoni na kuwatazama wale vijana kwa jicho hilo? Wao huwatazama kwa jicho la ushuru tu.

Michezo ya Olimpiki ya Vijana, ya kwanza ya Olimpiki kuwekwa katika ardhi ya Afrika, ilipewa Dakar mwaka 2018, ikasogezwa, ikapangiwa mwaka 2026. Hiyo ni ya watoto wa miaka 17 na chini yake. Wale wa Lubunga wenye umri huo ni walewale waliovuka mto mwaka 2023 na godoro kichwani. Kamati za Kinshasa zinapochagua majina, na zituambie hadharani zilikwenda kutazama watoto katika mikoa gani na kwa siku zipi. Kama Tshopo haimo, iandikwe ya kwamba haimo. Na bili ya mwaka 2023 isomwe mbele ya watu, mstari kwa mstari: hiki kilijenga nini, na kile alikichukua nani. Bourgmestre wetu naye, ambaye hana mamilioni, ana jambo moja analoweza: kuzuia viwanja vya wazi vilivyobaki katika komini visiuzwe kuwa parsele.

Wafanyakazi wa migodini, ninyi mnaojua kuchangishana franka kwa ajili ya msiba, mnaweza kuchangishana kwa ajili ya magodoro ya judo. Hatusemi ni wajibu wenu. Wajibu ni wa Leta. Tunasema tu ya kwamba watoto wanakua wakati Leta inafikiri.

Tumalize habari ya siku ile. Mtumbwi ulijaa, tukavuka. Katikati ya mto mchimbaji alimwuliza mama, kwa adabu sasa, kama ana watoto. Mama akasema anao watano, na wa tatu ni msichana wa miaka 13 ambaye, akitumwa kisimani pamoja na kaka zake, hurudi na maji wao wakiwa bado njiani. Mchimbaji akauliza, "Ni mwendo wa dakika ngapi, Mama?" Mama akacheka kwa mara ya kwanza. Hakuna mtu aliyewahi kumpima, alisema, nani ana saa ya kumpimia?

Mwalimu yeyote wa Lubunga mwenye saa ya kupimia mbio na alete neno kwa gazeti hili. Mama amekubali, na mtoto yuko tayari Jumamosi yoyote baada ya kuteka maji.